Nani amefika huko akapima?

Kila zinapotajwa habari za nyota mbele ya watu, hakosekani mmoja wa kuuliza swali ambalo huwanyamazisha wengine: "Nani amefika huko akapima?" Mtu amesoma kwamba wanafalaki wamekadiria kiasi cha oksijeni na naitrojeni kilichomo katika gesi iliyo kwenye kiini cha galaksi fulani, mbali kiasi kwamba mwanga wake husafiri makumi ya mamilioni ya miaka kabla ya kutufikia. Mwenzake akisikia hivyo anacheka. Huyu anayecheka si lazima awe mjinga. Kwa maoni yangu swali lake ni zito kuliko anavyodhani mwenyewe, na wale wanaomjibu kwa dharau, kwamba yeye hakusoma na wao wamesoma, hawajamjibu kitu.

Maana swali lenyewe si la nyota peke yake. Sisi watu wa mijini tunaishi kwa vipimo tusivyovishuhudia. Mtu anapewa karatasi hospitali, imeandikwa tarakimu ya sukari katika damu yake, naye kwa ajili ya tarakimu ile anaacha chai aliyoizoea tangu utoto. Hakuiona hiyo sukari, hakuionja, wala hajui mashine iliipimaje. Anasadiki. Kwa haki gani anasadiki hilo na kulikataa la wanafalaki? Au, tukigeuza upande wa pili, kwa haki gani anayasadiki yote mawili? Hebu basi, ndugu msomaji, tulichukue hili la gesi ya galaksi kwa kuwa ndilo la mbali zaidi, tulitazame kwa utulivu. Kama elimu inaweza kusimama huko, tutajua inasimama juu ya nini, na kama ina mahali inapoyumba tutapaona.

Kwanza ieleweke kuwa swali hili liliwahi kuulizwa na watu wakubwa. Mwaka 1835 mwanafalsafa wa Kifaransa, Auguste Comte, katika juzuu ya pili ya kitabu chake kikubwa cha falsafa, alidai kwamba kuhusu nyota tunaweza kujua umbo, umbali, ukubwa na mwendo wake, lakini kamwe hatutaweza kujua zimeundwa kwa vitu gani. Comte hakuwa mtu wa kubahatisha. Kemia aliyoijua yeye ilikuwa elimu ya kushika, kuchoma, kuyeyusha na kuweka kwenye mizani, na nyota haishikiki. Ukiikubali dibaji ya hoja yake, huna budi kuukubali na mwisho wake. Alifariki mwaka 1857. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1859, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen, wakiwa katika mji wa Heidelberg nchini Ujerumani, wakaonyesha njia ambayo Comte aliitangaza kuwa haipo.

Njia yenyewe kila apikaye kwa jiko la gesi ameiona. Maji ya chumvi yakifurika kutoka kwenye sufuria na kugusa moto, ule mwali wa buluu hugeuka njano papo hapo. Njano ile ni ya sodiamu iliyomo ndani ya chumvi. Taa za barabarani zilizotawala miji mingi kabla ya kuenea kwa taa za LED, zile zenye rangi ya machungwa, nazo zilikuwa na mvuke wa sodiamu hiyo hiyo. Ukiupitisha mwanga wa sodiamu kwenye kioo cha pembetatu hupati upinde wa mvua mzima, bali mistari miwili myembamba ya njano iliyokaribiana sana, daima mahali pale pale. Kila elementi ina mistari yake, na hakuna elementi mbili zenye safu moja ya mistari, kama vile alama za vidole. Tangu mwaka 1814 Mjerumani mwingine, Joseph Fraunhofer, alikuwa amekwisha kuona mamia ya mistari myeusi katika mwanga wa jua bila ya kujua ni ya nini. Kirchhoff akaonyesha kwamba miwili kati ya hiyo inaangukia pale pale penye mistari ya sodiamu. Kumbe katika jua mna sodiamu.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa mwenye swali ni hili: hakuna aliyekwenda, lakini kuna kilichokuja. Mwanga ule ulitoka ndani ya ile gesi, umepita njia yake, umeingia katika darubini. Comte alikosea alipodhani kwamba kushika ni lazima kuwe kwa mkono. Hakimu naye hakuwepo pale tukio lilipotokea, na bado anahukumu, kwa kuwa shahidi alikuwepo.

Naam, lakini hapa ndipo kazi inapoanza, si mahali pa kushangilia na kufunga mjadala. Shahidi anaweza kuwa mkweli kabisa na msikilizaji akamwelewa vibaya. Historia ya jambo hili ina visa vitatu ambavyo, kwa mtazamo wangu, vingefaa kufundishwa katika kila darasa la mantiki.

Mwaka 1868, katika mwanga wa pembezoni mwa jua, ulionekana mstari wa njano ambao haukuwa wa sodiamu. Norman Lockyer wa Uingereza akadai kuwa ni wa elementi isiyojulikana duniani, ikaitwa heliamu kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya jua. Wengi walikuwa na shaka naye. Mwaka 1895 William Ramsay akaipata gesi hiyo mjini London, imejificha ndani ya jiwe lenye urani. Lockyer alikuwa sahihi.

Kabla ya hapo, mwaka 1864, William Huggins, naye Mwingereza, alikuwa ameelekeza darubini yake kwenye wingu la gesi lililo katika kundi la nyota la Draco, akaona mistari ya kijani isiyofanana na ya elementi yoyote. Baadaye ikapewa jina, nebuliamu. Na mwaka 1869, wakati wa kupatwa kwa jua, ukaonekana mstari mwingine wa kijani katika taji ya jua, nao ukaundiwa elementi yake, koroniamu. Hoja ilikuwa ni ile ile iliyozaa heliamu: mstari usiojulikana, basi elementi isiyojulikana. Lakini hakuna nebuliamu wala koroniamu duniani wala mbinguni. Mwaka 1927 Ira Bowen wa California alionyesha kwamba mistari ya "nebuliamu" ni ya oksijeni, hii hii tunayoivuta, ila ni oksijeni iliyopoteza elektroni mbili na kuwekwa mahali ambapo gesi ni nyepesi kupita kiasi. Na mwanzoni mwa miaka ya 1940 Bengt Edlén wa Sweden akathibitisha kuwa "koroniamu" ni chuma, chuma kilichopokonywa elektroni 13 kwa sababu ya joto kali.

Tazama jambo hili vizuri. Hoja moja, kwa umbo lile lile, ilitoa ukweli mara moja na uongo mara mbili. Uongo wa nebuliamu ulidumu zaidi ya miaka 60, ukiaminiwa na watu waaminifu ambao hawakughushi chochote. Walichokiona ni kweli walikiona. Kasoro ilikuwa katika ile hatua ndogo kati ya kuona na kutoa jina, hatua ambayo mtu huivuka bila ya kujua kwamba ameivuka.

Hapo namkumbuka Abdulrahman as-Sufi, mwanafalaki aliyefanya kazi Isfahan, ambaye katika kitabu chake cha nyota cha mwaka 964 alirekodi kiwingu kidogo katika eneo la kundi la nyota la Andromeda. Ni rekodi ya zamani kabisa tunayoijua ya galaksi ile. As-Sufi hakuwa mtu wa kunukuu tu, kwani alizipima upya nyota za Ptolemy kwa macho yake na kusahihisha mwangaza wake. Lakini pale kwenye Andromeda aliona kiwingu, akaandika kiwingu. Zaidi ya miaka 900 baadaye, kazi ya kusema kile kiwingu ni nini ilikuwa bado inawasubiri wenye vyombo bora. Sisi leo tuna mazoea ya kuwapima wanazuoni wetu wa kale kwa kuhesabu waliyoyajua kabla ya Wazungu. Mimi naona hii ya kuandika kiwingu ni sifa kubwa kuliko hizo.

Iko hatari ya upande wa pili pia, nayo haisemwi sana. Mtu anaweza kuona kweli, akatoa maana iliyo sahihi, kisha akaifuta kwa mkono wake. Cecilia Payne, msichana wa Kiingereza aliyekwenda Harvard, Marekani, mwaka 1925 alimaliza tasnifu yake kuhusu nyota. Wakati huo wakubwa wa fani waliamini kuwa jua limeumbwa kwa vitu vile vile vya ardhi kwa viwango vinavyokaribiana, kwa kuwa mistari ya chuma na kalisi inaonekana kwa nguvu katika mwanga wake. Payne alitumia kanuni iliyotolewa mwaka 1920 na Meghnad Saha, mwanafizikia wa Kibengali, inayoeleza jinsi joto linavyoamua ni atomu ngapi zitapoteza elektroni. Akagundua kuwa nguvu ya mstari si kipimo cha wingi. Chuma kinaonekana sana kwa sababu joto la jua linakipendelea, na haidrojeni inaonekana kwa shida kwa sababu joto hilo halitoshi kuiamsha. Ukisahihisha kwa joto, haidrojeni inatoka kuwa nyingi mara milioni moja hivi kuliko madini yale.

Tasnifu ilipomfikia Henry Norris Russell wa Princeton, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote katika fani hiyo Marekani, akamwandikia kwamba jambo hilo haliwezekani. Payne akaandika katika tasnifu yake kuwa matokeo yale kuhusu haidrojeni kwa karibu hakika si ya kweli. Mwaka 1929 Russell mwenyewe, kwa njia nyingine, akafikia jawabu lile lile na kulichapisha, akitaja kazi ya Payne. Leo hakuna mwanafalaki anayebisha kwamba jua kwa sehemu kubwa ni haidrojeni.

Nani alikosa hapa? Wengi humlaumu Russell, na sikatai. Lakini Russell alikuwa na sababu alizoziona kuwa za kielimu, na alipoona vingine alikiri hadharani, jambo ambalo wenye vyeo wachache hulifanya. Linalonisumbua zaidi ni ile sentensi iliyoingia kitabuni. Msomaji wa mwaka 1926 aliyeifungua tasnifu ile hakuambiwa kuwa vipimo vinasema hivi na mzee fulani anapinga kwa sababu hizi. Aliambiwa kwamba vipimo havisemi. Binti wa miaka 25, mgeni katika nchi ya watu, ambaye ajira yake ilitegemea neno la wazee wale, simhukumu. Hata hivyo sentensi ile ilikuwa ushahidi uliopunguzwa, na ushahidi uliopunguzwa humdhulumu msikilizaji kama ule uliozidishwa.

Sasa tuje kwenye galaksi zenyewe. Mwaka 1908, katika kituo cha Lick, California, Edward Fath alipiga picha ya mwanga wa galaksi iliyopewa namba NGC 1068, akakuta mistari inayong'aa, ikiwemo ile ya kijani ya "nebuliamu". Mwaka 1943 Carl Seyfert akachapisha uchunguzi wa galaksi sita za aina hiyo. Viini vyake vidogo vinang'aa kupita kiasi, na mistari yake imetanuka kwa namna inayoonyesha kuwa gesi inakwenda kasi, katika baadhi yake hadi kilometa 8,500 kwa sekunde. Leo tunaziita galaksi amilifu. Katikati yake kuna shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni au mabilioni ya jua, gesi inalizunguka ikielekea kumezwa, na kabla ya kumezwa inapata joto na kutoa mwanga mkali ambao nao unaamsha gesi iliyo mbali zaidi. Gesi hiyo ya mbali ndiyo inayotupa mistari ya kupima.

Kwa nini mtu ahangaike kuipima? Kwa sababu oksijeni, kaboni, naitrojeni na chuma, ambavyo ndivyo vilivyomo katika mifupa na damu yetu, havikuwepo tangu mwanzo wa ulimwengu. Vilipikwa ndani ya nyota, na nyota zilipokufa vikamwagwa angani. Kiasi cha oksijeni katika gesi ya galaksi ni kama hesabu ya vizazi vya nyota vilivyopita hapo. Na galaksi amilifu, kwa kuwa zinang'aa sana, zinaonekana kutoka mbali ambako galaksi za kawaida zimefifia, yaani kutoka zama za kale kabisa. Mtu anayetaka kujua vitu hivi vilianza lini hana shahidi wa mbali kuliko hao.

Lakini somo la Payne linarudi hapa kwa nguvu zote: ukali wa mstari si wingi wa kitu. Oksijeni ina tabia ya ajabu. Inapotoa mwanga inaipoza gesi, kwa hiyo oksijeni ikizidi sana gesi hupoa, na gesi ikipoa mistari ile ya kijani huweza kufifia. Anayeona mstari hafifu akasema oksijeni ni chache anaweza kuwa amesema kinyume kabisa cha ukweli. Lazima kwanza ujue joto.

Na joto hupimwaje? Kwa oksijeni yenyewe. Fikiria atomu ina ngazi yenye vidato. Mstari wa kijani, wenye urefu wa wimbi wa nanometa 500.7, hutoka katika kidato cha chini. Uko mstari mwingine dhaifu, wa nanometa 436.3, unaotoka kidato cha juu zaidi. Ili atomu ipande hadi huko inahitaji kugongwa kwa nguvu, na kugongwa kwa nguvu kunataka gesi iwe na joto. Ukilinganisha mistari hii miwili unapata joto, na ukishapata joto unaweza kurudi kuhesabu atomu. Ni njia nzuri mno kwa kuwa haitegemei dhana nyingi. Inafanya kazi kwa sababu gesi ile ni nyepesi. Hewa tunayovuta ina chembe zaidi ya bilioni ishirini mara bilioni moja katika kila sentimita moja ya ujazo, wakati gesi ile kwa kawaida ina elektroni mamia au maelfu tu. Atomu iliyopanda kidato cha chini inaweza kukaa kama nusu dakika bila kusumbuliwa, kisha ikatoa mwanga wake. Katika hewa yetu ingegongwa na kushushwa kabla haijasema neno. Ndiyo maana hakuna maabara ya zama za Huggins iliyoweza kuuona mstari ule, na ndiyo maana wakabuni nebuliamu.

Njia hii, ambayo katika mawingu ya kawaida yanayozaa nyota huheshimiwa kama shahidi mwadilifu kuliko wote, ikipelekwa kwenye galaksi amilifu inaleta utata. Kiasi cha oksijeni inachotoa mara nyingi kiko chini sana ya kile kinachopatikana kwa njia ya pili, ile ya kutengeneza mfano wa gesi ndani ya kompyuta, kuupa mchanganyiko fulani na mwanga fulani, na kuubadilisha mpaka mistari yake ifanane na iliyoonekana. Tofauti huweza kufika mara tano sita. Si tofauti ya kufumbia macho. Ni kama mmoja aseme mfuko una kilo kumi na mwenzake aseme hamsini.

Sababu zinazotajwa ni kadhaa. Iliyo nzito zaidi kwangu ni kwamba gesi ile haina joto moja. Miale ya eksirei kutoka kwenye kiini hupenya ndani, pepo kali kutoka karibu na shimo jeusi hugonga gesi na kuipasha, kwa hiyo mahali hapa pana joto na pale pamepoa. Mstari wa 436.3 hutoka zaidi penye joto. Kuutumia kupima joto la wote ni kama kuandika maoni ya kikao kizima kwa kuwasikiliza waliopiga kelele. Aidha, mstari wenyewe ni dhaifu na jirani yake kuna mstari wa chuma unaoweza kujichanganya nao. Lakini asidhani mtu kwamba mfano wa kompyuta ndio umeshinda. Mfano nao unatoa majibu kulingana na ulivyoambiwa kuhusu umbo la mawingu, vumbi na mwanga wa kiini, ambavyo hakuna aliyeviona moja kwa moja. Ama kwa ile gesi iliyo karibu zaidi na shimo jeusi, iendayo kasi, yenyewe imesongamana kiasi kwamba mstari wa 500.7 hauishi humo kabisa. Huko kipimajoto hiki hakipo, na wanaopima hutegemea mistari ya naitrojeni, kaboni na mingineyo ya mwanga wa urujuanimno pamoja na mifano tu.

Kuna jingine ambalo msomaji wa kawaida haambiwi. Mara nyingi matokeo huandikwa kwa kulinganisha na jua: gesi hii ina oksijeni mara mbili ya jua, ile mara tatu. Wanafunzi wa hadithi watanielewa haraka nikisema kuwa habari hii ina mpokezi nyuma yake, naye pia anahitaji kuchunguzwa. Je, jua lenyewe lina oksijeni kiasi gani? Jedwali lililotumika sana tangu mwaka 1989 lilisema atomu takriban 850 kwa kila atomu milioni moja za haidrojeni. Jedwali la mwaka 2009 likasema 490 hivi. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2022 ukapandisha hadi karibu 590. Jua halikubadilika. Galaksi ambayo kwa jedwali la kwanza ilikuwa sawa na jua, kwa jedwali la pili inakaribia mara mbili ya jua, bila ya mtu yeyote kuitazama tena.

Baada ya haya yote, je, tuseme wanajua au hawajui? Mimi sikubaliani na anayesema kwamba kwa kuwa wanatofautiana basi yote ni kubuni. Kwamba mna oksijeni katika gesi ya NGC 1068, na naitrojeni, salfa na chuma, hilo ni yakini kwa kiwango ambacho mambo ya dunia hii huwa yakini. Mistari iko pale pale, tumeilinganisha na maabara, na fizikia yake imethibitika mara elfu. Kwamba kiini kile si maskini wa vitu hivi, hilo nalo lina nguvu. Kiasi halisi, mara moja au mara tatu ya jua, hilo ni dhana, dhana ya wataalamu, yenye hoja, lakini dhana. Viwango hivi vitatu havilingani, na mtu mwaminifu havitamki kwa sauti moja. Tatizo ni kwamba vikitoka kwenye makala ya wataalamu na kuingia kwenye vichwa vya habari vinatamkwa kwa sauti moja.

Wataalamu wenyewe huweka pembeni ya tarakimu alama ya kuongeza na kupunguza, kuonyesha upana wa shaka. Ni desturi njema. Lakini nayo ina hila yake, kama vile "Wallahu aalam" ya mtu aliyekwisha kuamua kwamba anayempinga ni jahili. Upana ule mara nyingi huhesabu kutetereka kwa chombo na udhaifu wa mwanga. Hauhesabu uwezekano kwamba njia yote imechukulia joto moja mahali penye majoto mengi. Ukiona njia mbili, kila moja inatangaza shaka ndogo, na majibu yao yako mbali mara tano, ujue kuna shaka ya tatu ambayo hakuna aliyeiandika. Kuiandika hiyo ndiyo kazi ngumu, kwa sababu haina fomula, inataka mtu aseme kwa maneno: nimechukulia hivi na hivi, na kama si hivyo, tarakimu yangu haifai.

Mfano wa sasa ni galaksi GN-z11, iliyotangazwa mwaka 2016 kwa darubini ya Hubble. Darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, ilipoitazama, matokeo yaliyotoka mwaka 2023 yalionyesha kuwa tunaiona ilivyokuwa takriban miaka milioni 430 tu baada ya ulimwengu kuanza, na kwamba mistari yake ya naitrojeni ina nguvu isiyotarajiwa. Waliopiga hesabu walipata uwiano wa naitrojeni kwa oksijeni zaidi ya mara nne ya ule wa jua. Mwaka 2024 kundi jingine likachapisha hoja kwamba kiini chake kina shimo jeusi linalomeza gesi, lenye uzito wa jua zipatazo milioni moja na nusu hivi, na kwamba sehemu ya gesi ile imesongamana sana. Hilo linagusa hesabu nzima, maana gesi iliyosongamana huzima baadhi ya mistari na kuacha mingine. Wapo wanaoona naitrojeni ile ni alama ya nyota kubwa mno zilizoishi na kufa haraka. Wapo wanaosema tunatazama eneo dogo tu karibu na kiini, lililojazwa na nyota chache, na kwamba galaksi iliyobaki huenda si hivyo. Mwanga walio nao ni ule ule mmoja, na kila kundi limeandika msongamano na joto lililochukulia, ili mwenye kutilia shaka ajue pa kuanzia.